Mfuniko Chini ya Kitanda

Shimo la choo lina tabia moja ambayo binadamu wengi hatuna: likishiba, halijifichi. Alhamisi asubuhi shimo la nyumba ya Bi Funguo lilianza kujieleza. Lilianza kwa Muuguzi wa chumba cha kwanza, aliyevuta maji akayaona yanapanda badala ya kushuka, akatoka mbio na kiatu kimoja mguuni. Likaendelea kwa Mshonaji, jirani yake ukuta kwa ukuta. Mpaka watu wanamaliza kupiga mswaki, vyoo vyote vya ndani vilikuwa vinakoroma kama mzee mwenye kifua, na uani palikuwa na harufu ambayo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja.

"Nani katupa nguo humo?" Bi Funguo aliuliza, amesimama katikati ya ua, kitita cha funguo kikining'inia shingoni. Jina la Bi Funguo alipewa na wapangaji kwa ajili ya kitita hicho, na kwa sababu kila mlango wa nyumba ile, hata wa chumba alichokwisha kukipangisha, yeye aliuona ni wake.

"Hakuna aliyetupa nguo, mama," Muuguzi akamjibu. "Tunatupa kile kinachotupwa chooni."

"Basi mnatumia maji mengi mno. Choo si mto."

"Si wewe uliyetuambia choo cha kisasa kinavutwa kila mara?"

Watu wakachekea puani. Bi Funguo akajitia hamnazo. Alinunua unga wa kuzibulia vyoo, akapita chumba kwa chumba akiumwaga kwa mkono wake mwenyewe, huku akiwaeleza wapangaji kwamba ni jambo dogo, mabomba mapya huwa hivyo, yanazoea. Shimo likaula ule unga, likakoroma zaidi.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, alikuwa barazani kwenye meza yake, lenzi jichoni, saa ya mtu imefumuliwa mbele yake. Hakuinua kichwa.

"Mke wangu, hilo shimo haliumwi. Limeshiba. Nenda kamwambie Karani wa chumba cha uani."

"Nyamaza bwana, watu wanasikia."

"Mimi nimenyamaza tangu mwaka jana. Sasa linasema lenyewe."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, ingawa mkewe hakumpa. Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Nyumba ile waliachiwa na mama yao, Bi Funguo na mdogo wake wa pekee, aliyeitwa Kitinda tangu utotoni kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo. Bi Funguo na mumewe walikaa vyumba viwili vya mbele, chumba cha kulala na sebule, na vya nyuma wakavipangisha. Kitinda alikuwa na duka lake la vitambaa upande wa pili wa mji, na tangu msiba alikuwa akiuliza neno lile lile: nyumba inaingiza nini? Jibu halikuwa zuri, maana vilikuwa vyumba vya kizamani, choo kimoja cha nje, wapangaji wa kuja na kuhama. Kitinda akasema basi iuzwe. Bi Funguo akaomba apewe nafasi aitengeneze. Wakakubaliana mbele ya watu wazima: vyumba vyote vikipata wapangaji kwa kodi mpya, nyumba haiuzwi. Kikibaki wazi hata kimoja, inauzwa, na Bi Funguo hatatia neno.

Hapo ndipo mama wa watu alipoamka. Alikopa kwenye chama cha akiba, akaleta fundi mwashi, akabomoa choo cha nje, akatia kila chumba choo chake na bafu lake, vigae chini, dari nyeupe juu. Kazi ilikuwa nzuri kweli, hata aliyekuwa hampendi alikubali. Kisha akatazama ule ua uliobaki wazi kilipokuwa choo cha zamani, akaona pale panatosha chumba kingine, tena chumba cha pekee chenye mlango wake. Akasema pajengwe.

"Mama, hapa pana mfuniko wa shimo," fundi mwashi alimwambia, mwiko mkononi. "Nikiinua chumba, mfuniko utakuwa ndani."

"Uwe ndani."

"Niuache wazi sakafuni, tuwekee kifuniko cha chuma?"

"Nani atalipia chumba chenye mfuniko wa choo katikati? Tandaza vigae juu yake."

"Na siku ya kunyonya?"

"Shimo hili halijanyonywa tangu mama yangu akiwa hai. Tandaza, baba."

Alisema kweli, lilikuwa halijanyonywa. Lakini zamani shimo lile lilihudumia choo kimoja na kopo la maji. Sasa lilipokea vyoo vya nyumba nzima na mabafu juu yake, watu wanaoga asubuhi na jioni kwa sababu wamelipia. Hesabu hiyo hakuna aliyeipiga. Bi Funguo alihesabu vyumba, akasahau kuhesabu matumbo.

Na chumba kile cha uani, kizuri kuliko vyote, kilichukuliwa na Karani wa ofisi ya maji aliyekuwa ametoka kuoa. Alilipa kodi ya juu kuliko wenzake bila kubembeleza bei. Mkewe bado wote walimwita Bibi Harusi. Kitanda chao, cha mbao nzito chenye maua yaliyochongwa kichwani, kilisimama juu ya mfuniko barabara.

Jumamosi Kitinda alikuwa anakuja kuhakikisha kama vyumba vimejaa. Na alikuwa ametuma salamu kwamba atakuja na mnunuzi, ili mtu asiseme baadaye kwamba alikurupuka.


Ijumaa Bi Funguo aliita gari la kunyonya majitaka. Lilikuja likiunguruma, likaziba njia, na watoto wa majirani wakatoka kulitazama. Dereva wake alikuwa mtu mnene, mchangamfu, glavu zimefika viwikoni. Alishuka akasalimia kila mtu, hata asiowajua, kisha akauliza swali ambalo Bi Funguo alikuwa ameomba usiku kucha lisiulizwe.

"Mfuniko uko wapi, mama?"

"Uko hapa hapa uani."

"Hapa wapi?"

"Nyumba ni ya zamani, baba. Tafuta tafuta hapo."

Dereva akachukua nondo, akawa anagonga sakafu ya ua, hatua kwa hatua, ameinamisha sikio. Wapangaji walikuwa wametoka wote. Karani alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, ndara miguuni, kikombe mkononi, anafurahia.

"Kupoteza funguo nimesikia," Karani akasema. "Kupoteza shimo, ndiyo kwanza leo."

Watu walicheka sana, na Bi Funguo akalazimika kucheka pamoja nao. Kicheko kilimtoka kama jino bovu. Karani akaona utani umekubalika, akaongeza kwamba yeye binafsi hana malalamiko, chumba chake kikavu, kinanukia uturi wa mke wake, labda waliopanga vyumba vya zamani ndio wenye taabu. Muuguzi akamtazama kwa jicho la pembeni, akasema, "Haya, bwana mkubwa."

Dereva alijaribu kwenye chemba ya mabomba pembeni mwa ukuta. Akafunua, akachungulia, akatikisa kichwa. "Hii ni koo, mama, si tumbo. Mpira wangu haupiti." Alipokuwa anavua glavu alimsogelea Bi Funguo, akapunguza sauti, na hilo la kupunguza sauti ndilo lililomuumiza zaidi. "Kazi hii nimeifanya miaka. Mfuniko ukikosekana uani, uko chini ya chumba. Ukishakuwa tayari, nipigie. Leo nilipe mafuta tu."

Akamlipa mafuta. Gari likaondoka tupu, mtaa mzima unaliona.

Mshonaji alimfuata mpaka barazani. Alikuwa mwanamke mpole, asiyejua kugombana, na kwa hiyo alisema akiwa ameangalia chini. "Mama, leo mteja wangu kajaribu gauni huku kashika pua. Gauni halionekani vizuri mtu akiwa kashika pua. Mwisho wa mwezi mimi natoka."

"Mwanangu, nipe siku mbili tatu."

"Nisamehe. Cherehani yangu ndiyo mume wangu. Siwezi kuiweka penye harufu."

Akaondoka. Bi Funguo akakaa kwenye kigoda karibu na meza ya mumewe.

"Nikimwambia Karani, anahama, chumba kinabaki wazi, Kitinda anauza," akasema. "Nisipomwambia, Mshonaji anahama, chumba kinabaki wazi, Kitinda anauza."

"Ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo tu? Mtu mzima unaniambia ndiyo hivyo?"

Fundi Saa akatoa lenzi jichoni. "Unataka nikudanganye? Waliodanganywa humu ndani wanatosha. Mimi mwenyewe niliona vigae vinatandazwa nikasema ah, hayo ni mambo yake na mdogo wake. Kwa hiyo tumekosa wawili. Lakini kitanda cha bwana harusi hakitajisogeza chenyewe."

Bi Funguo aliingia ndani, akakaa sebuleni, kwenye kochi lililofunikwa vitambaa vyeupe, sebule ambayo wageni waliingia mara moja kwa mwezi na yeye aliifagia kila siku. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alijionea huruma, halafu akajichukia kwa kujionea huruma. Chai ya jioni hakuigusa.


Jumamosi, jua halijapanda vizuri, mlango wa mbele uligongwa. Alikuwa Bibi Harusi, kitambaa kichwani, miguu mitupu.

"Shikamoo, mama. Samahani. Chini ya kitanda kuna maji."

"Marahaba. Maji?"

"Nilidhani ni maji."

Fundi Saa, aliyekuwa anakunywa chai, alikiweka kikombe chini taratibu sana. Bi Funguo alisimama. Baadaye aliwahi kumwambia Mshonaji kwamba pale pale mlangoni bado alikuwa na uongo mkononi, ameushika tayari: angesema bomba limepasuka, angeita mtu akafute, angevuka ile Jumamosi. Uongo mzuri kabisa. Lakini yule binti alikuwa amesimama na nyayo zake mbichi kwenye baraza, anamtazama kama mtoto anavyomtazama mama, anangoja kuambiwa la kufanya.

"Mwanangu," Bi Funguo akasema, "twende kwa mumeo. Nina neno."

Karani alikuwa amesimama juu ya kiti ndani ya chumba chake, suruali kaipandisha magotini. Vigae vilivyong'ara vilikuwa vimeanza kutoa kitu cheusi kwenye maungio, polepole, bila haraka.

"Mama, mabomba yako haya…"

"Si mabomba. Lile shimo lililotafutwa jana liko hapa. Mfuniko uko chini ya kitanda chenu. Niliufunika mimi, nikijua."

Karani alimtazama mkewe, akatazama kitanda, akatazama tena Bi Funguo.

"Unaniambia nimelala juu ya choo tangu nioe?"

"Juu ya mfuniko, baba."

"Hiyo tofauti anaijua fundi, mama. Mtu anayelala haijui."

Sauti yake ilikuwa imepanda, na uani wote walikuwa wamekwisha kusikia. Muuguzi, aliyekuwa anarudi zamu ya usiku, alijiegemeza ukutani akafunika mdomo kwa mkono. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema, lakini huyu bwana alikuwa anakilalia na bado hakujua. Hakuna aliyelitamka hilo. Karani mwenyewe alikumbuka utani wake wa jana, uso ukamjaa haya, na haya ikageuka kuwa hasira.

"Nimelipa kodi ya juu kuliko watu wote humu! Nimeleta mtoto wa watu! Wakwe zangu walikaa hapa hapa, kwenye mkeka, wakaniambia mwanetu umempa pazuri!"

"Nimekukosea," Bi Funguo akasema. "Nimewakosea wote wawili. Sikuwa na sababu ila tamaa, na nilikuwa naogopa. Nidhalilisheni mnavyotaka, lakini tutoe kitanda kwanza, maana linapanda."

Neno "nimekukosea" halikuwa limewahi kusikika uani pale likitoka kinywani mwa mwenye nyumba. Bibi Harusi akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiyejua pa kukiweka, na katikati ya kicheko akalia. Muuguzi akaja akamshika mabega, akamtoa nje.

Kitanda kilikuwa kizito kweli. Walikitoa kwa kukilaza ubavu, Karani na Fundi Saa mbele, Mshonaji na Bi Funguo nyuma, wakaulizana njia nzima nani kavuta na nani kasukuma. Kikafuata kabati, sanduku, zulia lililokwisha kuharibika, vyombo vya zawadi bado vimo kwenye maboksi. Vitu vyote vya chumbani, hata vile ambavyo bi harusi hapendi vionwe na watu, vikawa uani mchana kweupe. Bi Funguo aliona yule binti anasimama mbele ya kapu la nguo zake akilificha kwa miguu. Akaenda ndani, akatoa mashuka yake mapya ya kabatini ambayo hajawahi kuyatandika, akafunika kila kitu, kapu la nguo kwanza.

Fundi mwashi alipofika na nyundo, alisimama mlangoni akakuna kichwa. "Nilijua utaniita, mama. Sikujua mapema hivi."

"Piga, baba. Maneno baadaye."

Akapiga. Vigae vikaruka vipande vipande, mfuniko ukaonekana, ukainuliwa kwa mitalimbo miwili, na watu wote wakarudi nyuma kwa pamoja. Dereva mnene, aliyepigiwa simu asubuhi ile, alikuwa amekwisha kupitisha mpira wake dirishani. Hakusema neno la kukejeli, alimkonyeza tu Bi Funguo kama mtu anayemjua siku nyingi, akawasha mashine. Mpira ukashtuka, ukajaa, ukaanza kuvuta. Punde kila choo cha nyumba ile kikatoa mkoromo mmoja mrefu, wa kwanza hadi wa mwisho, kisha vikanyamaza. Muuguzi alikimbia chumbani kwake, wakasikia anavuta maji. Akatoka ameinua mikono juu kama aliyefunga goli.

"Yameshuka," akasema. "Yameshuka kabisa."

Watu walipiga makofi, hata Karani alipiga, halafu akakumbuka kwamba amekasirika akaacha. Bi Funguo alikuwa hajui kama atapoteza nyumba siku ile, lakini tangu Alhamisi ndiyo mara ya kwanza alipata pumzi ya kushiba, hata kama pumzi yenyewe ilinuka.

Na ni wakati huo huo Kitinda aliingia kwa lango la pembeni, mkoba kwapani, nyuma yake mwanamume mwenye viatu vyeupe.


Kitinda alisimama. Alikiona kitanda cha harusi uani kimefunikwa mashuka, dirisha limemeza mpira mnene kuliko mguu wa mtu, na dada yake mkubwa amepakaa tope mpaka kwenye nyusi. Viatu vyeupe navyo vilisimama, vikatafuta pakavu pa kukanyaga, vikakosa.

"Ni usafi wa kawaida tu," Fundi Saa alianza, maana mapenzi ya miaka mingi humfanya mtu aseme uongo bila kuombwa.

"Si usafi wa kawaida," Bi Funguo akamkata. Akamgeukia mdogo wake. "Nilijenga chumba juu ya shimo nikaficha mfuniko. Limejaa, limetoka chini ya kitanda cha wapangaji. Chumba hiki hakipangishiki tena, nitakibomoa pabaki ua. Kwa hiyo Karani hana pa kukaa. Hayo ndiyo yaliyopo."

Mnunuzi aliguna, akatoa leso akaiweka puani. "Mimi halinisumbui," akasema kupitia leso. "Nyumba sina haja nayo. Ningeibomoa yote vilevile. Nanunua kiwanja. Ila kwa hali hii, bei tuliyozungumza itabidi ishuke."

"Yote?" Kitinda akauliza.

"Nitafanya nini na vyumba kama hivi, dada? Hapa naweka ghala."

Kitinda alimwomba mnunuzi asubiri barazani, akamshika dada yake mkono, tope na yote, akamwingiza sebuleni, akafunga mlango. Bi Funguo alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kitinda aliyatazama makochi yenye vitambaa vyeupe, kimoja kimoja.

"Ghala," akasema.

"Umesikia."

"Nimesikia. Na bado naweza kumuuzia, dada. Usidhani siwezi. Chumba kimoja kiko wazi, tulikubaliana hivyo."

"Tulikubaliana. Sitatia neno."

"Tia." Kitinda alikaa, kisha akasimama tena, alikuwa amekwisha kukasirika. "Hilo ndilo tatizo lako, unatia neno pasipotakiwa, panapotakiwa unanyamaza. Umeona mimi nina njaa ya pesa, eti? Duka langu linanilisha. Tangu mama alipokufa, nikija hapa unanikaribisha. Mtu anakaribishwa kwao? Ukinipa sehemu yangu ya kodi unaniambia 'shika hiki', kama unampa mwombaji. Wapangaji wananiita mgeni. Yule mshonaji aliniuliza siku moja, wewe ni nani wa Bi Funguo? Nilirudi nyumbani nikalia."

Bi Funguo alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyemuuguza mama, yeye ndiye aliyebaki, yeye ndiye anayeamka paa likivuja. Yote yalikuwa kweli na yalikuwa yamejipanga mdomoni. Akayameza, moja baada ya lingine, yakashuka kwa taabu.

"Hujawahi kuniambia," akasema mwisho.

"Ungenisikia? Una funguo zote shingoni, mimi sina hata wa lango."

Nje mashine ilikuwa imezimwa. Bi Funguo akavua kile kitita. Ilibidi ainamishe kichwa, kamba ikakwama kwenye kitambaa, Kitinda akamsaidia kuikwamua. Akakiweka mezani kati yao, asijue kama ametoa au amepumzisha shingo.

"Karani na mkewe nitawapa sebule hii," akasema. "Ina dirisha la mtaani, ina mlango wake. Nitatia choo kwa gharama yangu, na mpaka kikamilike watatumia chetu. Wakikubali."

"Na ninyi?"

"Chumba kimoja kinatutosha. Tuna nini sisi, saa mbovu na uzee."

Kitinda alicheka kidogo bila kupenda. Kisha akauliza, kwa upole, swali ambalo labda alikuwa nalo tangu mazikoni. "Na hicho chumba kimoja, kodi yake analipa nani?"

Damu ilimpanda Bi Funguo kichwani. Mwenye nyumba alipe kodi? Kwenye nyumba ya mama yake mzazi? Alifungua mdomo aseme hivyo. Lakini lile neno mwenye nyumba lilimkwama, kwa sababu mbele yake alikuwa amesimama mwenye nyumba mwingine, ambaye miaka yote hiyo alikuwa amepanga vyumba vya watu huko mjini na kulipa kila mwezi bila kukosa, huku yeye akifagia sebule ya bure.

"Nalipa mimi," akasema. "Kama wengine. Nusu yako uipokee, si kwa 'shika hiki'."

Kitinda akafuta tope lililokuwa kwenye nyusi za dada yake kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayemfuta mtoto asiyetulia.

Walitoka pamoja. Karani alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake uani, Bibi Harusi pembeni, wote wawili wamechoka. Bi Funguo akawaambia habari ya sebule, na kwamba watakaa bure mpaka choo kikamilike, na zulia atawanunulia. Karani alikuna kidevu kama mtu anayepima. Mkewe hakupima.

"Chini yake kuna nini?" akauliza.

"Udongo, mwanangu. Waulize wote hawa."

"Basi tunakubali," Bibi Harusi akasema, na Karani akaona kwamba amekubali. Mshonaji, aliyekuwa ameshika ncha moja ya shuka akisaidia kulikunja, akasema bila kuangalia mtu kwamba harufu ikiisha, yeye naye hana haraka ya kuhama.

Kitinda alikwenda barazani, ambako viatu vyeupe vilikuwa vimepata kigoda na Fundi Saa alikuwa anavieleza kwa kirefu tofauti ya saa za betri na za kutia ufunguo.

"Samahani kwa kukusumbua, kaka," akamwambia mnunuzi. "Nyumba haiuzwi. Vyumba vyote vimepata wapangaji."

"Vyote? Si mmesema kimoja mnakibomoa?"

"Vilivyobaki vyote. Na cha mbele kilikuwa wazi miaka, leo ndiyo kimepata mtu."

Mnunuzi aliondoka akikanyaga kwa visigino. Bi Funguo alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amesikia. Akakaa pale pale kizingitini, akalia wazi wazi mbele ya wapangaji wake, na hakuona aibu hata kidogo. Fundi Saa alikuja akasimama karibu naye, mkono begani.

Kitinda alikuwa amerudi kwenye meza ya sebuleni, anachambua kile kitita, anatoa funguo moja baada ya nyingine mpaka apate wa lango. Alipoupata akautia mkobani.

"Kodi ni tarehe mosi, dada," akasema. "Usinizungushe."

Bi Funguo alifuta macho kwa kiganja. Maneno ambayo wapangaji walikuwa wamemwambia yeye maisha yake yote yalimjia yenyewe, bila kuyatafuta.

"Nivumilie mpaka tarehe tano, mama mwenye nyumba."